Kabla hamjashona sare za picha ya Desemba naomba mnisikilize

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee kitu ambacho wengine watakiona kidogo lakini kwangu sio kidogo kabisa, nguo za kuvaa siku ya kupiga picha, nasema zile picha za kulipia, za mpiga picha mwenye kamera yake na taa zake, sio za simu. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, nakaa barazani jirani na soko la Kiusa, nina miaka 19 kwenye hii kazi, na kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Krismasi kazi yangu karibu yote inakuwa ni sare za familia, manake mnajua wenyewe huku kwetu Desemba watu wanarudi, wa Dar, wa Mwanza, wa Dodoma, mpaka walioko nje, magari yanajaa migombani, na familia ikishatoka kanisani na mbuzi ameshachinjwa kinachofuata ni picha.

Sasa mwaka juzi na sisi tukakubaliana kwenye grupu letu la WhatsApp tupige picha ya familia nzima pamoja na mama yetu, ana miaka 78, anakaa kule kule nyumbani Kibosho. Kaka yangu mkubwa akasema tuvae nyeupe wote, kuna picha aliiona mahali watu wamevaa nyeupe tupu ikampendeza, na mimi kwa vile ndio fundi wa familia nikasema sawa, nikaenda nikachukua satini nyeupe, satini inaanguka vizuri mwilini na inang'aa, nikashona watu 14, usiku na mchana. Hapo ndipo kosa langu lilipo na nalisema wazi. Mimi niliiangalia nguo ikiwa imetundikwa kwenye henga, sikuiwaza ikiwa mbele ya kamera, na kibaya zaidi sikumuuliza mama. Nilipompelekea gauni lake akalishika shika akaniuliza, mwanangu, nyeupe ya kung'aa hivi mimi naivaa wapi? Nikamwambia vaa tu mama ni ya picha.

Picha zenyewe tukapiga saa tano asubuhi, kwenye majani mbele ya nyumba, jua kali limeshasimama. Yule kijana mpiga picha nilimwona kila akiangalia kwenye kioo cha kamera yake anakunja uso, anasogeza watu, anarudi, anasogeza tena, lakini hakusema kitu na sisi hatukuuliza. Wiki mbili baadaye picha ikaja, kubwa, imewekwa kwenye fremu, mama akaletewa akaiangalia muda mrefu halafu akauliza huyu ni nani. Nikasema ni wewe mama. Akasema hapana, huyu siye mimi. Na kweli hakuwa yeye. Mama yangu ni mweusi, ule weusi wa kung'aa tuliomjua nao tangu tuko wadogo, kwenye picha amekuwa na rangi ya majivu, shingo ina rangi yake na uso una rangi yake, na gauni limekuwa kama karatasi, mishono yote niliyokesha nayo haionekani, hakuna mkunjo hakuna kola. Ile picha hakuikubali sebuleni, iliwekwa chumbani nyuma ya kabati, na mimi iliniuma sana.

Nikamtafuta yule kijana, sikwenda kugombana, nilitaka kuelewa. Akanifungulia picha zenyewe kabla hazijaguswa akanionyesha, na naandika hapa alivyonieleza manake sikuwahi kuambiwa na mtu miaka yote hiyo. Kamera haioni kama jicho. Jicho lako linaweza kuangalia shati jeupe juani na uso mweusi juu yake likaona vyote viwili sawa, kamera inabidi ichague. Ukiipimia mwanga shati, nyuso zinakuwa giza, ukiipimia nyuso, shati linaungua, linabaki jeupe tupu, na kilichoungua hata kompyuta hairudishi. Tena ikiachwa ichague yenyewe, ikiona weupe mwingi mbele yake inadhani pale pana mwanga wa kupitiliza kwahiyo inapunguza, na wanaoumia ni wenye rangi kama yetu. Na satini ndio mbaya zaidi ya pamba kwa sababu inarudisha jua kama bati jipya. Yeye akachagua shati lisiungue, halafu nyuso akaja kuzipandisha kwenye kompyuta, na nguo nazo zikapanda mpaka zikawa karatasi, ndio tukawa majivu. Nikamuuliza sasa mwanangu mbona hukutuambia siku ile? Akasema, mama, nilikuta mmeshavaa wote 14, ningesemaje.

Hilo jibu halijanitoka mpaka leo. Alikuwa na elimu tunayoihitaji, tulimlipa advansi wiki tatu kabla, tuliongea naye bei, saa, na nani atamfuata stendi, nguo hakuna aliyeigusa, sio yeye sio sisi.

Kuna mzee mmoja hapa mjini alikuwa na studio ya picha zamani za kamera za filamu, nikamsimulia akatikisa kichwa akasema hilo ni la siku nyingi. Akaniambia Kodak walikuwa wanatuma kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, wakaiita Shirley, na rangi zinarekebishwa mpaka huyo mwanamke atoke vizuri, sasa rangi zikishapimwa kwa Shirley wewe wa Uru au wa Same unatoka utakavyotoka. Kadi yenye wanawake watatu wa rangi tofauti, mweupe, mweusi na wa Asia, ilikuja miaka ya 1990. Kwahiyo wapiga picha wa zamani walijifunza kupambana na hilo kwa akili zao, na mojawapo ya silaha ilikuwa ni kumwambia mteja avae nini. Kamera za leo zina nguvu kuliko zile, lakini tabia ya kumwambia mteja imepotea, badala yake kumekuja kusafisha sura kwenye kompyuta, mtu anang'arishwa mpaka anafanana na aliyejipaka mkorogo bila yeye kuomba, na hapo naomba niseme kwa nguvu wapiga picha mnaosoma gazeti hili mtuache na rangi zetu.

Turudi kwenye nguo. Kwa ngozi zetu, na nasema nilivyojionea kwa wateja wangu tangu nianze kufuatilia, rangi zilizokolea kiasi ndizo zinazotupenda, damu ya mzee, nevi bluu, kijani cha chupa, mastadi, rangi ya ugoro, zambarau iliyoiva. Krimu badala ya nyeupe ya karatasi, au nyeupe ya pamba isiyong'aa, na kama lazima iwe nyeupe basi kaeni kwenye kivuli au subirini saa kumi na moja jioni jua likishalainika. Nyeupe kidogo karibu na uso haina shida, kola ya shati ndani ya koti, mtandio wa krimu, hiyo inarudishia mwanga kidevuni na chini ya macho, hata wapiga picha wanabeba kile kitambaa cheupe cha duara kwa kazi hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo ogopeni nguo ya kijani ya kuwaka au pinki ya kuwaka chini ya kidevu, jua likipiga rangi inapanda usoni, mtu anaonekana mgonjwa na ni blauzi tu. Nyeusi nayo inategemea nyuma kuna nini. Nyeusi kwenye pazia jeusi la studio unabaki kichwa na mikono, mwili umeenda.

Na nyuma ndio watu hawaifikirii kabisa. Huku kwetu nyuma ni migomba, kahawa, ua la majani, yaani kijani kila upande, halafu familia inanijia inataka vitenge vya kijani. Mtapotea. Migomba inataka damu ya mzee, inataka njano ya mastadi, inataka bluu. Oktoba na Novemba mijakaranda ikichanua hapa Moshi na kule Arusha watu wanakwenda kupiga picha chini yake wamevaa zambarau ili zifanane, sijui nani alianzisha, zambarau juu zambarau chini zambarau ardhini na maua yaliyodondoka, mtu yuko wapi? Pale vaa krimu au bluu iliyokolea uone. Na wanaotaka mlima uonekane nyuma mjue mlima hauna ratiba ya harusi yenu, kawaida yake ni asubuhi mapema au jioni, mchana unajifunika, kwahiyo mtaamka saa kumi na mbili na kuna baridi, sasa kigauni cha mikono wazi mwezi wa saba huku juu utapigwa picha umejikunyata, mabega yamepanda masikioni. Tafuteni nguo nzuri yenye mikono, au sweta zuri, sweta sio aibu kwenye picha.

Mashati ya mistari myembamba sana au drafti ndogo ndogo zile za karibu karibu muwe nazo makini. Kijana alinionyesha shati la mjomba wake kwenye kompyuta, linafanya mawimbi mawimbi ya rangi ambayo kwenye shati halisi hayapo, anasema ndani ya kamera kuna vidoto vidogo vimepangwa kwa mistari na mistari ya shati ikikaribiana na ile ya kamera inagombana. Kitenge cha maua makubwa hakina hiyo shida ila kina yake, watu 14 wote kitenge kimoja cha maua makubwa jicho halijui litue wapi, linaangalia maua. Mimi sasa hivi nikiletewa kitenge cha hivyo nashauri kiwe kwa watatu wanne tu na wengine wachukue rangi moja kutoka humo ndani, wanaume shati la rangi moja na kadeti, inatosha. Na mikono ya puto jamani. Mimi nashona mikono ya puto na naipenda, kwa picha ya mtu mmoja ni nzuri, kwenye kundi puto moja linafunika uso wa mtoto aliyesimama pembeni, na kilemba kikubwa saa sita mchana kinamwagia mwenyewe kivuli mpaka puani.

Basi tulichofanya sisi. Pasaka iliyofuata tukarudia, na safari hii hatukuanza na kitambaa, tulianza na mama. Nikamwambia mama fungua sanduku lako utoe nguo unayojisikia vizuri ukiivaa, hatukuongeza neno. Akatoa gauni lake la kitenge la kanisani, damu ya mzee yenye vidoto vya njano iliyofifia, nililishona mwenyewe miaka sita nyuma nikawa nimelisahau, na mtandio wa krimu. Nikalipiga picha nikalituma kwenye grupu nikaandika, hii ndio rangi, kila mtu atafute ndani kwake kitu cha damu ya mzee, krimu, nevi au mastadi, kisichong'aa, kisicho na maandishi. Wifi yangu akakipata chake kwenye soko la mitumba la Memorial, kaka akavaa shati la nevi alilokuwa nalo kazini, watoto wakavaa masweta yao, mmoja tu alikosa nikamkatia sketi kutoka kwenye kitambaa cha zamani. Sikushona sare hata moja. Najua nasema kitu kinachonipunguzia kazi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na Pasaka ni masika, mawingu yametanda, hakuna jua la kupiga shati, mwanga umelala sawa kwenye nyuso zote, tope tu ndio lilitusumbua viatu tukasimama kwenye ngazi. Mama ametoka na rangi yake. Anaonekana amekaa na watu wake, mkono mmoja ameshika mtandio kama anavyoushikaga siku zote akiwa anasikiliza mtu. Hiyo ndio iko sebuleni.

Nimeongea sana familia lakini kuna na hawa wanaotaka picha ya kazi, ya kuweka kwenye CV, kwenye mitandao, kwenye mlango wa ofisi, nao wananijia sana hasa wanaomaliza vyuo. Wengi wanakuja kukodi au kushonesha suti kwa haraka, inakaa mwilini kama ya mtu mwingine. Suti ya mtumba ya pamba nzito au sufu iliyopunguzwa na fundi mabegani na kiunoni inashinda suti mpya inayong'aa kama plastiki, hilo nawaambia bure. Kwenye picha ya kifuani kinachoonekana ni kola, mabega na shingo, sasa kola iliyokufa au tai iliyopinda ndio picha nzima hiyo. Kaa kwenye kiti mbele ya kioo uangalie vifungo, manake shati linaloonekana sawa ukisimama ukikaa linafunguka katikati na kamera inaona mpaka ndani. Akina dada wa mtandio, mtandio ndio fremu ya uso wako, chagua wa pamba au kitambaa kilicholala, ule wa satini na flashi ya studio unawaka pembeni ya mashavu, na uulize kabla pazia la studio ni rangi gani, nyingi huku za pasipoti ni bluu, usiende na mtandio wa bluu ile ile.

Alikuja kijana mmoja anaongoza watalii mlimani, kampuni imemwambia apeleke picha ya kuweka kwenye tovuti, anataka nimshonee kizibao cha suti na suruali. Nikamuuliza wageni wanakukutaga umevaaje? Akasema jaketi langu na kofia ya sufu. Nikamwambia basi nenda kafue hilo jaketi, zipu ile iliyokatika niletee nikuwekee nyingine. Mgeni anayetafuta wa kumpandisha mita 5,895 anataka kuona mtu wa mlimani, na yeye mwenyewe alivyosimama pale kibarazani kwangu na lile jaketi uso ulibadilika, mabega yalishuka. Zipu nilimwekea kwa shilingi elfu tano. Nesi naye apigwe na sare yake iliyopigwa pasi, mwalimu na gauni lake la darasani zuri, mpishi na aproni yake safi, kama ndiyo kazi unayoionyesha.

Kitu kimoja alichonifundisha yule kijana na sasa nawafundisha wateja wote. Vaa nguo yako siku kadhaa kabla, simama mlangoni penye mwanga usio jua, mtoto akupige na simu, halafu kwenye simu hiyo hiyo geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Angalia jicho lako linaenda wapi kwanza. Likienda kwenye nguo, badilisha nguo. Hakuna gharama hapo. Na siku yenyewe usivae nguo ya picha ukapanda nayo bodaboda, kwa vumbi la Januari huku utafika umebadilika rangi, ibebe kwenye henga na mfuko juu yake ukavalie kule kule, utoe simu na funguo mfukoni, vitambulisho shingoni mvue. Watoto wavishwe mwisho kabisa wakiwa wameshakula, na usimvishe mtoto lesi inayomwasha shingoni ukategemea atacheka.

Ombi langu ni kwa wapiga picha wa Moshi na Arusha. Mnapopokea advansi za Desemba, mwambieni mteja habari ya nguo siku hiyo hiyo, mwulizeni mtapigia wapi, saa ngapi, na mzee wa familia anapenda kuvaa nini, mkiona jibu halifai semeni kabla kitambaa hakijakatwa. Mkitaka mtumeni kwa fundi wake na maelekezo kwenye karatasi, mimi nitayasoma na nitayafuata. Na familia ambazo bado mnataka sare, sizikatai, nashona, ila njooni kabla ya tarehe 20 Novemba na mje na nguo moja ya mama au bibi yenu mkononi tuanzie hapo.

Fundi cherehani,
Kiusa, Moshi